Mkwe Kwenye Kiti cha Kulia

Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu, na bado gari likipiga honi barabarani asubuhi natafuta soksi. Siku mliyoniaga mlinipa keki yenye umbo la ndege, bawa moja likiwa limekatika njiani, mkaniomba niwaandikie machache kwa faida ya wanaoanza kazi. Nilikubali kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umejaa keki. Sasa nimekaa barazani kwangu hapa Mpumudde na daftari, na ahadi ni deni.

Habari za mistari ya begani na mishahara sitaziandika. Mistari mnaiona kwenye picha, na mshahara uliisha zamani. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokulia. Sisi Wanubi wa Jinja tulikikuta nyumbani, baba akiwa askari na mama akisuka vikapu vya kuuza. Najua baadhi yenu mkikisikia tu mnakaa wima, kwa yale wazee wenu waliyowasimulia kuhusu wanajeshi. Kaeni vizuri, hakuna anayekuja kuwakamata.

Siku yangu ya kwanza nilifika Entebbe na suruali ndefu kuliko mimi. Sare za marubani wakati huo zilishonwa kwa kudhani kwamba rubani ni mwanamume mrefu, na mimi si mrefu wala si mwanamume. Mlinzi wa getini aliitazama kofia yangu, akavitazama viatu, kisha akanielekeza jikoni wanakopakia chakula cha abiria. Nikaenda. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mpishi mkuu ndiye aliyenirudisha kwa marubani, akanipa na andazi la njiani.

Aliyenipokea ni Kapteni Odoi, mtu wa Tororo, mwembamba, sauti ya chini, masikio makubwa. Ndiye aliyenilea kazini mpaka nikasimama. Siku hiyo hakunipa hata nafasi ya kujitambulisha. Alinipeleka nje juani, akasogeza ngazi kwenye ndege, akasema, "Panda. Pitisha mkono juu ya bawa, mwanzo mpaka mwisho."

Bati lilikuwa moto kama kikaango. "Natafuta nini, bwana?" nikauliza.

"Kile ambacho macho yamekataa kukiona."

Sikupata kitu ila kiganja chekundu. Lakini wiki iliyofuata kidole changu kiligusa udongo kwenye kijibomba cha kupimia mwendo. Nyigu alikuwa amejenga humo kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Ndege ambayo kijibomba chake kimezibwa haijui inakwenda kasi gani, na rubani wake anajua kidogo kuliko ndege. Tangu siku hiyo sijawahi kuyaamini macho peke yake, na nyigu simwamini kabisa.

Odoi pia alinipa penseli. Kalamu ya wino hukuvujia mfukoni ukipanda juu, na kwenye baridi kali hugoma kuandika wakati uleule unapoihitaji. Penseli haijui hali ya hewa. Nimestaafu nikiwa na penseli mfukoni, na soksi za akiba kwenye begi, maana miguu ikilowa theluji akili nayo huenda likizo.

Sasa tuzungumze senioriti, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Kwa asiye rubani atakayesoma haya, kwetu kila rubani ana namba kulingana na siku aliyoajiriwa. Mwenye namba ndogo huchagua kwanza safari, likizo na sikukuu. Mwenye namba kubwa huokota kilichobaki, na kilichobaki siku zote ni Ulaya mwezi wa Januari.

Mimi na Kapteni Waiswa wa Budondo tuliajiriwa siku moja. Kulikuwa na kitabu cha kusaini mezani. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikaenda kuswali, niliporudi Waiswa alikuwa amesaini juu yangu. Basi. Maisha yangu yote ya kazi nilimfuata kwa namba moja. Waiswa ni Mkristo, lakini mwaka baada ya mwaka alikuwa akichagua kupumzika siku ya Idi, anaendesha gari mpaka kwangu, na mume wangu anampakulia pilau wakati mimi niko juu ya Sahara. Nikimlalamikia ananijibu, "Kaltuma, kutangulia si kufika." Anasema hivyo yeye aliyetangulia.

Kitu kingine tulichobishania ni safari ya kwenda kazini. Wakubwa wa kampuni walitaka sote tuhamie Entebbe, na sisi wa mashariki tukakataa kwa adabu. Waiswa hakuweza kuiacha kahawa yake Budondo, mimi sikuweza kumwacha mama yangu, na wa Mbale walisema Entebbe kuna mbu wenye kiburi. Kwenye chumba cha marubani tulikuwa tunapimana nani kateseka zaidi.

"Mimi nimetoka nyumbani jogoo hajaamka," anasema wa Mbale.

"Jogoo wenu wavivu," anajibu Waiswa. "Mimi wa kwangu nimemwamsha mwenyewe."

Sheria aliyonifundisha Odoi kuhusu jambo hili iandikeni ukutani: usipange kufika kwa gari la kwanza, panga kufika kwa gari la pili. La kwanza likiharibika, bado uko kazini kwa wakati. Niliivunja mara moja tu. Ndani ya msitu wa Mabira trela la miwa lilikuwa limelala barabara nzima, na watu wa karibu walikuwa wameshaanza kusaidia kuipunguza ile miwa. Nilishuka, nikapita pembeni kwa miguu, nikapanda bodaboda upande wa pili nikiwa na sare, kofia, na begi kichwani kwa dereva. Nilifika dakika mbili kabla ya muda na jani la muwa kwenye nywele. Odoi aliliona, akalichomoa na kuniwekea kiganjani, na hilo liliniuma kuliko kukemewa.

Kwa kuwa nilikuwa wa mwisho kwenye orodha, nilipewa Januari. Asubuhi yangu ya kwanza katika mji mmoja wa kaskazini mwa Ulaya nilitoka hotelini nikadhani nimemeza sindano. Ndege yetu ilikuwa imelala nje. Bawa lilionekana safi, linang'aa kama sahani iliyooshwa, nikamwambia Odoi tuko sawa. Akaninyooshea kidole kwenye ngazi. Nikapanda, nikavua glavu, nikaweka mkono. Ilikuwa barafu tupu, angavu kama kioo, kutoka shina la bawa mpaka ncha, na ncha ya kidole changu ikanata. Bawa lenye barafu haliinui ndege. Litakimbia vizuri barabarani, likifika hewani ndipo litakapokuambia ukweli.

Nilijifunza theluji kwa lazima, halafu nikaipenda. Namba yangu ilipopungua nikawa naweza kuchagua Mombasa, bado nilichagua Januari. Waiswa alisema nimerogwa. Mkinisahau kwa mengine, najua hamtasahau darasa langu la majira ya baridi, maana wengi wenu mlilala humo. Niliwafundisha ile dawa ya rangi ya machungwa inayoosha barafu, na ile ya kijani inayobaki juu ya bawa kuzuia theluji isishike. Niliwaambia dawa ya kijani ina muda wake, na muda ukiisha, hata kama rubani ana haraka, hata kama rubani ni mimi, mnarudi kupakwa upya. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa. Kumbukeni kwamba nilisema.

Hapa ndipo niwaambie jambo ambalo wengi wenu mmelisikia vipande vipande, na vipande vingine mmeongeza wenyewe.

Binti yangu Zamzam ni mwalimu Mbale. Huko alikutana na Yusufu Mafabi, mtoto wa Nkoma, Mgisu Mwislamu aliyelelewa na bibi yake. Yusufu alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kwetu kama rubani msaidizi, namba ya mwisho kabisa. Niliruka naye mara mbili kabla sijajua habari zao, nikampenda. Mara ya pili nilikosea hesabu ya mafuta na akaniambia papo hapo, "Kapteni, hiyo moja imekuruka." Nilimwandikia sifa nzuri.

Kisha wazee wake wakaja Jinja kuleta posa, tukakubaliana, na kuanzia siku hiyo Yusufu akanipotea.

Kwa bibi yake, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawatazamani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Likiwepo la kusema, linapitia kwa mtu wa tatu. Sisi nyumbani tunaheshimiana na wakwe zetu lakini tunakaa nao chumba kimoja, kwa hiyo niliona ni mzaha. Sasa wekeni desturi hiyo ndani ya chumba cha marubani, ambamo mama mkwe kakaa kushoto, mkwe kulia, na katikati hakutoshi mbuzi kulala. Safari ya kwanza Yusufu alitazama dirisha lake kutoka Entebbe mpaka tunatua. Karatasi alizibwaga katikati nizichukue mwenyewe. Nilipouliza hali ya hewa ya tuendako, alimpigia simu mhudumu wa abiria, na yule binti akaja mlangoni kuniambia kuna mawingu kidogo.

Nilipofika nyumbani nilisimulia huku nikicheka mpaka machozi. Zamzam hakucheka.

"Mama, omba wakubadilishie safari. Usipangwe naye."

"Aombe yeye."

"Ameomba. Wamemwambia namba yake haimruhusu. Yako inaruhusu, ni kupiga simu moja tu."

"Januari nimeichagua mimi. Nimpishe mtoto kwa sababu anaona aibu?"

"Siku moja atakuwa na neno la kukuambia na hatalisema," Zamzam akasema. "Na nyuma yenu kutakuwa na watu."

Nilimwambia anafundisha Jiografia, si urubani. Nasema haya kwa aibu. Nilichokuwa nalinda si kazi, ni namba.

Wiki mbili baadaye tulikuwa kule kaskazini, mimi na Yusufu, ndege imejaa, asubuhi ya kijivu, theluji inaanguka taratibu bila kukoma. Gari la dawa likaja, likaosha, likapaka ya kijani. Jedwali lilisema kwa theluji ile tuna dakika thelathini na tano. Niliandika saa kwa penseli, nikaanza kuhesabu, tukaingia kwenye foleni. Mbele yetu zilikuwa ndege saba.

Kosa langu lilikuwa hili. Muda wa dawa unahesabiwa tangu tone la kwanza la kijani linapogusa bawa. Mimi niliandika saa walipomaliza. Kati ya kuanza na kumaliza zilipita dakika kumi na moja, na hizo nilijizawadia mwenyewe. Mimi, mwalimu wenu.

Yusufu alijua. Alikuwa ameandika saa yake kwenye karatasi ya gotini. Nilimwona akikohoa. Nilimwona akibana shavu kwenye kioo kutazama ncha ya bawa la upande wake, anarudi, anatazama saa, anabana tena shavu. Aligonga kalamu gotini. Alimpigia mhudumu, lakini wahudumu walikuwa wameshafunga mikanda na hakuna aliyeweza kuja. Nikasema kwa ukali, "Tulia." Akatulia. Ndege moja tu ilikuwa imebaki mbele yetu.

Ndipo akabonyeza kitufe cha redio na kuzungumza na mnara wa kuongozea ndege. Bila kuniuliza, jambo ambalo rubani msaidizi hafanyi. "Tunaomba kutoka kwenye foleni turudi kupakwa dawa. Muda wetu umekwisha."

Nikageuka. "Nani amekuagiza?"

Aliendelea na mnara, macho dirishani. "Na tafadhali mwambieni kapteni kwamba muda unahesabiwa tangu mwanzo wa kupaka, si mwisho."

Kumbukeni kila ndege kwenye uwanja ule ilikuwa inasikiliza. Kisha yule bwana wa mnara, mzungu ambaye hajawahi kukanyaga Mbale, akasema kwa utaratibu wake wote, "Kapteni, rubani wako msaidizi anasema muda unahesabiwa tangu mwanzo wa kupaka, si mwisho."

Nikaitazama karatasi yangu. Nikahesabu mara moja, nikahesabu tena. "Mwambie amesema kweli," nikaujibu mnara. "Tunarudi."

Tuliporudi niliomba kupandishwa kwenye kikapu cha gari la dawa nione mwenyewe. Dawa ya kijani ilikuwa imechoka. Theluji ilikaa juu yake bila kuyeyuka, kama sukari kwenye chai iliyopoa. Niliugusa ule uji kwa kiganja na nikamfikiria kila mtu niliyemsikia akicheka wakati wa kupanda ndege. Nilishuka nikaingia chooni, nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kwenye kiti changu. Tulifika salama. Njia nzima maneno ya kazi yalipitia kwa mhudumu mlangoni.

Mkuu wa marubani aliniita. Mnara ulikuwa umeandika ripoti, na aliyeonekana kukosa nidhamu ni Yusufu, tena bado yuko kwenye majaribio. Niliandika ripoti yangu mwenyewe, kurasa mbili. Niliandika kosa la saa. Niliandika pia kosa la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi: kwamba nilijua rubani wangu hawezi kunisemesha na nikaruka naye hivyohivyo, kwa kiburi. Mkuu alisoma akavua miwani.

"Kaltuma, hii ikikaa kwenye faili yako haitoki."

"Ikae."

Yusufu alibaki kazini. Mimi nilirudishwa darasani wiki moja kusoma majira ya baridi, na aliyenifundisha alikuwa mwanafunzi wangu. Waiswa alileta njugu akakaa nyuma kutazama.

Lakini shida ilikuwa palepale. Ardhini kulikuwa na mnara wa kusema naye. Juu angani, mawinguni, wahudumu wakiwa wamefunga mikanda, angemtafuta nani wa kunifikishia neno? Ningeweza kuomba tusipangwe pamoja, na safari hii niliomba kweli. Watu wa ratiba wakajibu marubani hawatoshi, itabidi mara nyingine tukutane. Nikamwambia Zamzam, "Twende Nkoma. Desturi ina mwenyewe, tukamuulize mwenyewe."

Bibi yake Yusufu alitukaribisha uani. Ni mzee mdogo wa umbo, macho makali, na Kiswahili chake alijifunza miaka ile ya wanajeshi, hakukipenda wala hakukisahau. Yusufu aliposikia sauti yangu alitoka kwa mlango wa nyuma. Nilimweleza bibi yote: bawa, dawa, mnara. Nilimwambia waziwazi kwamba naogopa, kwamba ipo siku mjukuu wake ataona kifo kinakuja na adabu itamziba mdomo, na kosa litakuwa langu.

Aliuvuta ungo, akaanza kuchambua mchele. Kisha akasema, "Zamani, mama, kulikuwa na lodibuloku, kizuizi ya askari, pale njia ya Tororo. Basi nasimama. Afande nasema, 'Toka yote! Rala chini!' Watu narala. Mimi hapa, mukwe yangu hapa, bega na bega kwa vumbi. Nani nauliza desturi? Afande hapana jua mukwe."

"Na baadaye?" nikauliza.

"Tunarudi nyumbani, nachinja kuku, nakula, naisha. Hakuna mutu nagonjwa." Akanitazama. "Wewe kwa ndege navaa nini?"

"Sare."

"Kofia iko?"

"Iko."

"Basi pale wewe hapana mama mukwe. Wewe ni Afande. Afande hapana zaa musichana." Akapaza sauti kuelekea nyuma ya nyumba. "Yusufu! Nasikia?"

"Nimesikia, kukhu," ukuta ukajibu; ndivyo wanavyomwita bibi kwao.

"Kwa ndege, Afande. Hapa chini, mama mukwe, na wewe nakimbia. Kuku iko wapi?"

Niwaambie ukweli, neno hilo liliniuma utotoni. Serikali ilipobadilika, kuna majirani waliomwita baba yangu Afande kwa kutema mate, na alifariki bila kulisahau. Sikudhani siku moja nitapewa kama zawadi, uani kwa mtu, na bibi aliyelazwa vumbini na mtu mwenye jina hilohilo. Nililipokea. Kuku akachinjwa, Yusufu akala wa kwake nyuma ya nyumba, mimi nikala wa kwangu mbele, na Zamzam akazunguka na mchuzi.

Walioana baada ya Idi. Waiswa alikuwa likizo, bila shaka.

Mimi na Yusufu tulipangwa pamoja tena Januari iliyofuata, ya mwisho kwangu. Alinisalimia kwa kupiga mguu chini, "Afande," nusu mzaha, lakini nusu tu. Nilimwitikia, ila moyoni sikuwa na hakika. Jina ni rahisi kulitamka uwanja ukiwa mkavu na hakuna linaloharibika. Nilikuwa bado sijajua kama siku ya siku atafungua mdomo, na nilikuwa na miezi michache tu ya kujua.

Asubuhi ya kurudi theluji ilikuwa imekoma, anga safi. Tulipakwa dawa, tukaandika saa wote wawili, zikalingana. Mnara ukatuelekeza njia ya kufuata. Tukafika kwenye njia panda, nikaanza kugeuza ndege kulia.

"Afande, simama," Yusufu akasema. Alikuwa amegeuka, ananitazama usoni. "Unakosea. Tumeambiwa kushoto."

Nilikuwa nimesikia kulia. Nilikuwa nimesikia kulia vizuri kabisa, na nilikuwa na miaka mingi ya kusikia kuliko umri wake. Nikakanyaga breki. Nyuma yetu ndege kubwa ikasimama, na nyuma yake nyingine. Nikauliza mnara. Mnara ukajibu, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa chai yake, kwamba ni kulia, kama ulivyosema mwanzo.

Yusufu alijiinamia. "Samahani, Afande. Nimekuchelewesha, na kosa ni langu."

"Usiombe samahani," nikamwambia. "Kesho ukiona hivyo, niambie tena."

Tuligeuka kulia. Tulipoteza dakika nne, abiria wakanung'unika, na wa nyuma yetu akatusema redioni. Katika miaka yangu yote ya kazi sikumbuki kuchelewa nikiwa na furaha kiasi kile.